Maneno Yaliyo Juu ya Kiungo: Historia ya Jinsi Wengine Wanavyoliita Duka Lako

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuongee historia. Msikimbie! Hii ni historia yenye faida mfukoni.

Kila nikimaliza kumtengenezea mfanyabiashara wa hapa Isiolo duka la mtandaoni, swali la kwanza huwa lile lile: "Haya kijana, duka limefunguka. Sasa watu watalipataje?" Nikimjibu kwamba anahitaji tovuti nyingine zimwekee viungo vya kuja kwake, anauliza la pili: "Waandike nini?" Hilo la pili ndilo zito. Limewapa watu wateja, limewaangusha wengine, na limeilazimisha Google kubadilisha kanuni zake mara kadhaa. Tulifuatilie tangu mwanzo.

Kiungo ni nini hasa?

Kwa wageni wa mambo haya: viungo ninavyosema si vya pilau. Kiungo ni yale maneno unayobofya kwenye ukurasa mmoja yakakupeleka ukurasa mwingine. Kwa ndani kinaandikwa hivi:

<a href="http://duka.example/mikufu">mikufu ya shanga ya Kisamburu</a>

Kina sehemu mbili. Kwanza ni anwani, ambayo kompyuta inaifuata. Pili ni maneno, ambayo mtu anayasoma. Herufi "a" ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya nanga, na ndiyo maana mafundi wa tovuti huyaita maneno hayo "maandishi ya nanga". Mimi nitayaita maneno ya kiungo.

Sasa fikiria kibao cha barabarani. Kibao kilichoandikwa "Moyale" kinasimama huku Isiolo, mamia ya kilomita kutoka mji wenyewe. Aliyekiandika si lazima awe mtu wa Moyale. Maneno ya kiungo ni hivyo hivyo: yanaeleza ukurasa wako, lakini yamesimama kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Shika jambo hilo, maana historia yote inayofuata imetoka hapo.

Enzi ya kujisifu mwenyewe

Miaka ya 1990, injini nyingi za kutafuta zilisoma zaidi kile ambacho mwenye tovuti alijiandikia. AltaVista, iliyozinduliwa Desemba 1995, ilikuwa maarufu kuliko nyingi za wakati ule. Palikuwa pia na sehemu iliyofichwa ndani ya ukurasa ambapo mwenye tovuti aliorodhesha maneno ya kutafutia. Msomaji hakuiona, injini iliiona.

Unajua kilichotokea. Watu walirundika maneno. Muuza viatu aliandika "viatu" mara mia kwa rangi nyeupe juu ya mandhari nyeupe. Wengine waliweka majina ya wasanii ambao hawana uhusiano wowote na duka. Ni kama soko ambalo kila mtu ana kipaza sauti na hakuna anayesikika. Mwaka 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haiitumii orodha hiyo ya siri hata kidogo katika kupanga matokeo. Hata leo naona watu wakiijaza kwa bidii. Ndugu yangu, unajichosha bure.

Wazo la kumsikiliza jirani

Mwaka 1994 Oliver McBryan wa Chuo Kikuu cha Colorado alikuwa na injini yake iliyoitwa World Wide Web Worm. Ilikuwa na kumbukumbu ya kurasa na hati 110,000 hivi, idadi kubwa kwa siku zile. Ndani yake kulikuwa na wazo la maana sana: maneno ya kiungo yasihesabiwe tu kuwa sehemu ya ukurasa yalipoandikwa, yahesabiwe pia kuwa maelezo ya ukurasa yanakoelekea.

Wazo hilo lilichukuliwa na wanafunzi wawili wa Stanford, Sergey Brin na Larry Page. Mwaka 1998 walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu injini yao mpya, Google. Wengi wanakumbuka sehemu ya PageRank, yaani ukurasa kupata uzito kutokana na kurasa zinazouelekea. Sehemu ya maneno ya kiungo husahaulika. Lakini wao wenyewe waliandika kwamba mara nyingi maneno hayo huueleza ukurasa kwa usahihi kuliko ukurasa unavyojieleza. Walitaja faida nyingine pia: picha au programu haina maandishi ya kusomwa na injini, lakini inaweza kupatikana kwa maneno ya wale walioiwekea viungo. Katika kurasa milioni 24 walizokusanya, walipata maneno ya viungo zaidi ya milioni 259.

Makala hiyo ina kichekesho kimoja. Waliandika kwamba Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za kibiashara, ni moja tu iliyoweza kujipata yenyewe ukitafuta jina lake! Duka halionekani hata ukiita jina lake mlangoni. Google ilitibu tatizo hilo kwa kuuliza majirani: "Huyu mnamwitaje?"

Majirani wakaanza kula njama

Ushahidi wa majirani una thamani mpaka majirani wapange cha kusema. Aprili 2001 mwanablogu Mmarekani Adam Mathes aliwaomba wasomaji wake waweke viungo kwenda tovuti ya rafiki yake, wote wakitumia maneno yale yale ya dhihaka yenye maana ya mtu asiye na kipaji. Ikafaulu. Yeye ndiye aliyeupa mchezo huo jina la "bomu la Google".

Mwaka 2003 mchezo ukawa wa siasa. Wanablogu waliunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aliyeshindwa vibaya" na ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani. Ukitafuta maneno hayo, ukurasa huo ulitokea juu kabisa, ingawa wenyewe haukuwa na maneno hayo popote. Google iliuacha kwa muda mrefu, na ni Januari 2007 tu ndipo ilipotangaza kanuni mpya ya kupunguza makali ya mabomu hayo.

Wafanyabiashara nao walikuwa wanatazama. Kama utani unaweza kumpandisha rais kwa neno ambalo halitaki, basi pesa zinaweza kulipandisha duka kwa neno linalolitaka! Wakaanza kumwaga viungo kwenye sehemu za maoni za blogu. Aliyekuwa na blogu miaka ile anakumbuka: unaandika habari za mvua, asubuhi unakuta maoni arobaini ya dawa za nguvu za kiume. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kuhusu alama moja, "nofollow". Kiungo chenye alama hiyo kilikuwa kama kusema, "nimemtaja, lakini simdhamini." Mwaka 2019 Google iliongeza alama mbili, moja ya viungo vilivyolipiwa na nyingine ya viungo vilivyoandikwa na watumiaji, na ikasema itazichukua zote tatu kama dokezo tu.

Huku kwetu

Kenya haikungoja nje ya uwanja. Mama Mikes ilianza mapema miaka ya 2000 ikiwauzia Wakenya walio ng'ambo zawadi za kupelekewa jamaa zao nyumbani. Angalia ujanja wa biashara hiyo kwa upande wa maneno: anayelipa yuko mbali, anayepokea yuko Kenya. Bibi anayepokea vocha ya supamaketi haandiki chochote kwenye kompyuta. Mjukuu aliye ng'ambo ndiye anayetafuta, na maneno ya kiungo yanapaswa kuwa yake.

Machi 2007 M-Pesa ikaja, na malipo ya mbali yakawa jambo la kila siku. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Mwaka 2011 Google na washirika wake wa hapa nchini walizindua mpango wa kuzipa biashara ndogo tovuti za bure. Kuwa na tovuti kukaacha kuwa kazi ya wakubwa peke yao. Kilichobaki kuwa kigumu ni kutajwa.

Sisi watu wa Isiolo tunalielewa jambo hili bila mwalimu. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa, na wa kaskazini zaidi waliendelea kwa vumbi mpaka barabara ya Moyale ilipokamilika katika muongo wa 2010. Mifugo na bidhaa zilikuwepo huko siku zote. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyokuwa na shida. Tovuti isiyo na kiungo hata kimoja iko hivyo hivyo.

Kuanguka kwa wakubwa

Februari 2011 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu J. C. Penney, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani. Kwa miezi kadhaa, kipindi cha sikukuu kikiwemo, ilikuwa ya kwanza kwa maneno mengi ya kawaida: magauni, matandiko, mazulia. Ilipochunguzwa, zikapatikana kurasa zaidi ya 2,000 zenye viungo vya kuielekea, nyingi kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo. Maneno yake yalikuwa yale yale kamili ambayo mnunuzi angeandika. Kampuni ilisema haikuagiza viungo hivyo, na ikaachana na washauri wake wa mambo ya injini za kutafuta. Google ilichukua hatua. Gazeti lilikuwa likifuatilia maneno 59. Tarehe 1 Februari wastani wa nafasi ya duka ulikuwa 1.3. Tarehe 10 ulikuwa 52. Siku tisa tu!

Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja kanuni iliyopewa jina la ndege, Penguin. Google ilisema itagusa takriban asilimia 3.1 ya maswali ya Kiingereza. Penguin ilizishusha tovuti zenye viungo vya kughushi, na mojawapo ya dalili zinazomfichua mghushi ni viungo vyote kusema neno moja. Fikiria mwenyewe: watu mia wakilitaja duka lako kwa hiari, mmoja ataandika jina la duka, mwingine anwani tupu, mwingine "yule mama wa maziwa ya ngamia", mwingine "bofya hapa". Wote mia wakiandika "nunua maziwa ya ngamia bei nafuu Kenya", huo ni wimbo uliofundishwa. Tangu Septemba 2016 kanuni hiyo inafanya kazi wakati wote ndani ya mfumo mkuu wa Google, na mara nyingi viungo vya kughushi havihesabiwi tu. Pesa uliyolipa imepotea kimya kimya.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mtandao methali hiyo ina nusu ya ukweli. Chema ambacho hakuna anayekitaja hakijiuzi. Lakini nusu ya pili imesimama imara: miaka yote hii Google imekuwa ikijaribu kutofautisha kilichotajwa na watu na kilichojitembeza.

Neno ni mali: kisa cha kikoi

Mpaka hapa utadhani ni vita vya Google na wajanja. Kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Kikoi chetu, vazi la pwani tangu enzi za mababu! Wakenya walipinga, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Traidcraft, na mwaka 2008 ombi likaondolewa.

Tazama kwa jicho la mwenye duka la mtandaoni. Mwingereza anayetaka vazi hilo anaandika "kikoy" kwa herufi y. Kama usajili ungepita, muuzaji wa Kenya angeweza kuzuiwa kuiita bidhaa yake kwa jina lake mbele ya wateja wa Uingereza. Angebaki kuandika "kitambaa cha pamba chenye mistari". Nani anatafuta hivyo? Ukinyang'anywa neno, umenyang'anywa mlango.

Na mlango unaweza kuufunga mwenyewe bila kunyang'anywa na mtu. Chukua shanga. Hapa Isiolo kuna mikufu ya Wasamburu na ya Waturkana. Ng'ambo, neno linalojulikana ni "Kimaasai". Kishawishi ni kikubwa: waambie wanablogu wote waandike "shanga za Kimaasai", wateja waje. Lakini injini inajifunza kwa kuhesabu. Kila kiungo kinachouita mkufu wa Kisamburu "wa Kimaasai" ni ushahidi mdogo wa uongo, na ukirundikana kwa miaka, anayetafuta kazi ya Wasamburu hataiona, na mama aliyeitunga atakuwa amepotezewa jina na duka lililodai kumtangaza. Kwa biashara pia ni hasara. Kwenye neno "Kimaasai" unashindana na kila duka la Nairobi na Arusha. Kwenye "mikufu ya Kisamburu kutoka Isiolo" mko wachache.

Je, uwaache wanaotafuta kwa neno la Kimaasai? Hapana. Andika ukurasa unaoeleza ukweli: Wasamburu ni ndugu wa Wamaasai kwa lugha, na ushonaji wao una tofauti hizi na hizi. Anayeuelekea ukurasa huo anaweza kutaja majina yote mawili bila kudanganya.

Basi uchague vipi?

Kutokana na historia hiyo yote, haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu:

1. Anza na mdomo wa mnunuzi. Maziwa ya ngamia yanakusanywa hapa na akina mama na kupakiwa kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Mnunuzi Msomali wa kule anayaita "caano geel". Mwingine ataandika Kiswahili, mwingine Kiingereza. Hayo ni makundi matatu ya wateja, na kila moja linahitaji ukurasa unaojibu lugha yake.

2. Kila ukurasa na maneno yake. Kiungo cha ukurasa wa mbele kibebe jina la duka. Kiungo cha bidhaa kibebe jina la bidhaa. Usielekeze kila kitu mlangoni wakati mteja anataka rafu.

3. Kumbuka sarufi yetu. Mwingereza huongeza herufi moja mwishoni kupata wingi. Sisi tunageuza mwanzo: kikapu, vikapu, ushanga, shanga, mkufu, mikufu. Injini za leo zinaelewa zaidi kuliko zile za zamani, lakini usizitegemee kwa kila kitu. Maneno ya umoja na ya wingi yote yaonekane, kwa namna ya kawaida.

4. Usimwandikie mtu maneno ya kukariri. Ukimwomba mwenye blogu akutaje, mpe bidhaa aijaribu na habari sahihi, kisha mwache aseme kwa maneno yake. Kama umemlipa, aweke alama ya kiungo kilicholipiwa.

5. Mahali unapotawala ni ndani ya tovuti yako mwenyewe. Viungo kati ya kurasa zako viandike vizuri. Ondoa "bofya hapa" na "soma zaidi", weka "jinsi ya kuhifadhi maziwa ya ngamia". Anayetumia programu ya kusomewa skrini kwa sababu haoni atakushukuru pia, maana yeye husikia orodha ya viungo peke yake, na "bofya hapa" kumi hazimwambii kitu.

6. Ukiletewa barua pepe ya kukuuzia viungo elfu moja kwa bei ya chakula cha mchana, kula chakula cha mchana.

Kwa ufupi, maneno ya kiungo yana nguvu kwa sababu yametoka kwa mwingine. Ukimwekea mwenzako mdomoni, unaiondoa ile nguvu uliyokuwa unaitafuta. Kazi yako ni kuipa bidhaa jina la kweli, kulisema wazi na kulirudia mpaka wanunuzi walizoee. Wakilizoea, wataliandika wenyewe.

Wewe unauza nini, na wateja wako wanakiitaje? Jaribu kuwauliza wateja watano wiki hii kabla hujagusa tovuti. Tukutane makala ijayo, inshallah.